Nyuki wa Kukodi: Mkulima na Mfuga Nyuki Wapatane Vipi



Mkarafuu haumhitaji nyuki. Tuanze hapo, asije mtu akadhani kwamba tunataka kumuuzia mizinga. Karafuu huchumwa ingali imefumba. Ua likisha funguka, si karafuu tena ya kupelekwa mizanini. Kwa hiyo nyuki, ambaye kazi yake huanza pale ua linapofunguka, hufika shambani wakati karafuu imekwisha anikwa juani juu ya jamvi. Zinazomwona nyuki ni zile chache tu zinazosahauliwa juu ya mti, au zinazoachwa makusudi zichanue na kufanya matunda kwa ajili ya mbegu za miche.

Mbona basi tunaandika habari za nyuki katika jarida la wakulima wa karafuu? Kwa sababu hapana mwanachama anayeishi kwa karafuu peke yake. Sote twaijua tabia ya mti huu: mwaka mmoja huzaa mpaka vitawi vikainama, na mwaka unaofuata mtu akatazama juu akaona majani matupu. Katika miaka hiyo mitupu ndipo nazi, matikiti, matango, maboga, pasheni na iliki zinaponunua mchele na madaftari ya watoto. Na mengi ya mazao hayo hayazai vyema ila mdudu apite juu ya maua yake.

Tutatazama ng'ambo ya pili ya mkondo, upande wa Tanga, kwa kuwa huko mambo haya mawili yamekaa jirani. Katika milima ya Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza, wako wakulima wa karafuu kama sisi, na mashamba yao yamechanganya iliki, pilipili manga na mdalasini. Chini yao ni michungwa ya Muheza, inayojulikana nchi nzima. Pwani, tangu Mkinga mpaka Pangani, ni minazi, mikorosho na bustani za matikiti. Na bara kidogo, Handeni na Kilindi, ni nchi ya asali. Mazao yako, na nyuki wako, na lori la usiku mmoja linatosha kuwakutanisha. Lakini aghalabu mwenye shamba hamjui mwenye mzinga, na mwenye mzinga hajui maua yatachanua wapi na lini. Makala hii yaeleza jinsi wawili hao wanavyoweza kujuana, wakati gani kukodi nyuki kuna faida, na wakati gani ni kutupa fedha.

KAZI YENYEWE NI NINI

Ndani ya ua mna unga wa manjano ambao siku hizi huitwa chavua. Lazima unga huo ufike kwenye ncha inayonata ya ua jike, ndipo mbegu iumbike na tunda likue. Kwa mahindi upepo hufanya kazi hiyo. Lakini mimea mingi ya bustani ina chavua nzito yenye kunata, na upepo hauiwezi; hapana budi apatikane mchukuzi.

Nyuki ni mchukuzi bora kwa sababu mbili. Kwanza, mwili wake una manyoya, na unga humganda kila anapotua. Pili, ana tabia ya kushikamana na ua la namna moja: akianza siku yake na maua ya tikiti, atarudia tikiti, wala hatachanganya na mbaazi. Hafanyi hivyo kwa hisani. Anatafuta maji matamu ya kufanyia asali, na chavua ya kulishia majana waliomo katika masega. Sisi twafaidika na kile kinachodondoka njiani.

Tuchukue mfano wa tikiti maji. Mmea mmoja una maua dume na maua majike, mbalimbali. Ua jike hufunguka asubuhi ya siku moja tu, na alasiri huwa limekwisha funga. Katika saa hizo chache lahitaji chembe za chavua zipatazo 500 hadi 1,000, zilizoenea pande zote za ncha yake. Nyuki mmoja hawezi kuzileta kwa safari moja. Zatakiwa ziara 8 au zaidi. Ua likipata pungufu ya hapo hudondoka, au tunda hubaki likakua upande mmoja, limepinda na kubonyea. Mkulima akiona matunda ya namna hiyo hulaumu mbolea au jua. Mara nyingi kosa ni kwamba wachukuzi hawakutosha asubuhi ile.

ZAO LIPI LAMTAKA NYUKI, NA LIPI HALIMTAKI

Hapa ndipo watu wanapopotea. Kila zao lina desturi yake, na yafaa mkulima aijue kabla hajatia mkono mfukoni.

Matikiti, maboga, mumunye na matango: haya yamtaka nyuki kabisa. Pasipo mdudu, hapana tunda. Lakini ziko mbegu za kisasa za matango zilizofanywa zizae bila ya kuchavushwa. Soma karatasi ya mbegu.

Iliki: ua lake hufunguka alfajiri na hudumu siku moja. Limeumbwa hivi kwamba unga wake haufiki penyewe mahali pake. Lazima mdudu aingie na kutoka. Wakulima wa iliki wa Usambara wanamtegemea nyuki, wakijua wasijue.

Mnazi: mnazi mrefu wa kwetu hutoa katika karara moja maua dume na maua majike, lakini dume hutangulia, na aghalabu humaliza kabla jike halijawa tayari. Kwa hiyo unga hutoka mnazi mwingine, ukiletwa na upepo na wadudu, na nyuki wamo miongoni mwao. Mnazi mfupi hujitosheleza zaidi. Hata hivyo, ukiona vidaka vinapukutika, usikimbilie mizinga. Mnazi hupukutisha sehemu ya vidaka vyake kwa desturi, na tena yuko yule mdudu anayefyonza vidaka, akaacha mabaka na utomvu. M. J. Way, aliyechunguza mambo hayo Unguja na kuandika habari zake katika miaka ya 1950, alionyesha kwamba majimoto wakiutawala mnazi humfukuza mdudu huyo. Dawa ya mnazi wa namna hiyo ni majimoto.

Mkorosho na mwembe: hufaidika na wadudu wengi, na kwa mwembe nzi hufanya kazi kubwa. Nyuki husaidia, lakini si yeye peke yake.

Pasheni: ile ya njano, inayostahimili joto la pwani, haizai kwa unga wa mmea uleule, na ua lake ni kubwa kuliko nyuki wa asali. Nyuki huyo huchukua unga akaondoka bila ya kuigusa ncha ya jike. Mchukuzi wake ni wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa boriti na miti mikavu. Mwenye pasheni asikodi mizinga. Aache magogo makavu kando ya shamba, na asiwaue wale weusi.

Bilinganya: unga wake umefungiwa ndani ya vijifuko vyenye tundu dogo, nao hutoka kwa kutikiswa. Nyuki wa asali hajui kutikisa. Wale weusi wakubwa na wengine wa porini wanajua.

Mchungwa: huzaa vyema hata nyuki wakiwa wachache. Lakini maua yake yana maji matamu mengi. Hapo mwenye mizinga ndiye mhitaji, na mkulima ndiye mwenye cha kutoa.

Pilipili manga na mdalasini: havina haja. Na vanila huchavushwa kwa mkono, kwa njia iliyogunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtumwa wa umri wa miaka 12, katika kisiwa cha Réunion.

Kahawa ya arabika: huweza kuzaa yenyewe, lakini uchunguzi uliofanywa katika mlima Kilimanjaro na kutangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba maua yaliyofikiwa na nyuki yalitoa matunda mazito zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Si ajabu kubwa, lakini kwa mtu anayeuza kwa mizani ni fedha.

LIULIZE UA KWANZA

Huenda ikawa shambani kwako nyuki wa porini wanatosha. Jirani anapokwambia kwamba amekodi mizinga akapata mavuno makubwa, usifuate. Jaribu hili, nalo halina gharama ila uzi na saa moja ya asubuhi.

Chagua mimea 30 ya matikiti au maboga, mbalimbali shambani, isiyokuwa na matunda bado. Katika kila mmea chukua ua jike moja tu. Usichukue mawili, kwa sababu mmea uliokwisha beba tunda hudondosha jingine hata kama limechavushwa vizuri. Ua jike utalijua kwa kitunda kidogo kilicho nyuma yake. Jioni, tafuta yale yatakayofunguka kesho, uyagawe mafungu 3 ya maua 10.

Fungu la kwanza, uyafunge kwa kipande cha chandarua, mdudu asiingie, na uyaache hivyo mpaka yafumbe. Fungu la pili, uyafunge vilevile, lakini asubuhi uyafungue, uchukue maua dume mapya kutoka mimea mingine, uondoe majani yake ya manjano, na uisugue ncha ya ua jike pande zote kwa unga. Kisha uyafunge tena. Fungu la tatu, uyaachie wadudu wa shamba, ila uyatie alama ya uzi.

Baada ya siku 10, hesabu vitunda vilivyoshika. Fungu la kwanza litakuwa tupu, au karibu na tupu. Hilo lakuonyesha kwamba zao lako kweli lamtaka mdudu. Sasa linganisha la pili na la tatu. Tuseme la mkono limeshika 8 na la wadudu 7: nyuki wako wanatosha, weka fedha yako. Tuseme la mkono 8 na la wadudu 3: hapo shamba lako linapoteza zaidi ya nusu ya matunda kwa kukosa wachukuzi, na kukodi kuna maana. Na kama mafungu yote mawili yameshika machache, basi tatizo ni maji, au mbolea, au ugonjwa, na mizinga mia haitakusaidia.

DESTURI YA KUKODI KATIKA NCHI NYINGINE

Kukodi nyuki si jambo geni duniani. Huko California, Marekani, kuna mashamba ya lozi yaliyopita ekari milioni 1, na mlozi hauzai bila ya nyuki. Kila Februari mizinga zaidi ya milioni 2 hupelekwa huko kwa malori, mingine kutoka ncha ya pili ya nchi. Wako wafuga nyuki wa Marekani ambao kodi ya mizinga ndiyo riziki yao, na asali ni nyongeza.

Mtu atasema, nyuki wa Wazungu ni wapole, wetu hawachukuliki. Lakini katika Afrika ya Kusini, upande wa Cape, wenye mashamba ya matufaha na mapeazi wamezoea kukodi mizinga kila msimu wa maua, na nyuki wa huko ni wa asili ya Afrika. Jambo linawezekana. Linataka chombo kinachofaa na mtu anayejua.

NYUKI WETU NA MIZINGA YETU

Nyuki wa pwani yetu ni mdogo, mwepesi, na mkali. Tena ni mhamaji: chakula kikipungua, au akisumbuliwa na siafu na majimoto, huacha mzinga mtupu akaenda zake. Kwa hiyo mkulima anayekodi asihesabu masanduku, ahesabu makundi. Sanduku tupu lililopakwa rangi nzuri halichavushi kitu.

Mzinga wa gogo unaotundikwa juu ya mti ni mzuri kwa asali na nta, lakini haufai kwa kazi hii. Ni mzito, haufunguki kukaguliwa, na masega yake huvunjika njiani. Unaotakiwa ni mzinga wa sanduku, ama wa viunzi ama wa vijiti vya juu, ulio na kundi lenye nguvu: nyuki wamefunika masega mengi, na majana wamo. Kundi lenye majana hutafuta chavua kwa bidii, kwa kuwa hicho ndicho chakula cha watoto wake.

Kuhamisha hufanywa usiku, nyuki wote wakiwa ndani, mlango umezibwa kwa wavu unaopitisha hewa. Yafaa shamba liwe mbali na mahali pa zamani kwa kilometa 3 au zaidi. Pungufu ya hapo, asubuhi nyuki wazee watarudi kule walikozoea na kukuta pakavu. Wala usiilete mizinga mapema mno. Ngoja mpaka ua 1 katika 10 limechanua. Nyuki wakifika shamba halina maua watazoea maua ya porini, na yako yakichanua hawatayashughulikia. Kwa matikiti, mzinga 1 wenye nguvu kwa ekari ni mwanzo mwema.

Kuna na nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa katika matundu ya miti na kuta. Hawa hawaendi mbali na kundi lao, lakini kwa bustani iliyo nyuma ya nyumba, penye watoto, ndio wanaofaa.

JAMBO NILILOLIONA

Miaka michache nyuma nilikuwa kwa jamaa zangu katika kijiji kimoja upande wa Pangani. Kijana mmoja wa hapo alikuwa na ekari 3 za matikiti, akapatana na mzee mfuga nyuki kutoka bara amletee mizinga 8. Walipatana kwa maneno, wamekaa kibarazani, wakanywa kahawa, wakapeana mikono. Mizinga ikaja usiku, na siku nne za kwanza shamba lilikuwa likivuma tangu alfajiri.

Siku ya tano mwenye shamba la pili alipulizia bamia zake dawa saa mbili asubuhi. Kufika adhuhuri, mbele ya mizinga mitano palikuwa na rundo la nyuki waliokufa, na wengine wakizunguka chini kama walevi. Mzee akaitwa. Alifika siku ya pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nyuki wangu wamekula nini?"

"Mzee wangu, mimi sikupuliza. Aliyepuliza ni jirani."

"Jirani simjui. Niliyepeana naye mkono ni wewe."

Kijana hakuwa na jibu, wala mzee hakuwa na shahidi. Tulimwita jirani, naye akasema kwa adabu kwamba hakuna mtu aliyemwambia kuna nyuki; angeambiwa, angengoja jioni. Na alikuwa akisema kweli. Watu watatu, kila mmoja ana haki yake, na mizinga mitano kimya. Mzee aliondoka na mitatu iliyobaki. Msimu uliofuata kijana alimtumia salamu, akajibiwa kwamba mizinga ina kazi kwingine.

Hasara ile ingeweza kuzuiwa kwa maneno machache yaliyoandikwa na ziara moja kwa jirani. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na nyuki ni mali.

MASHARTI YA KUANDIKWA

Hapana haja ya wakili. Karatasi moja, nakala mbili, mashahidi wawili. Iandikwe haya:

1. Idadi ya makundi, na siku ambayo wote wawili watayafungua pamoja na kuyatazama. Kundi lisilo na nyuki wa kutosha lisilipiwe.

2. Siku ya kuja na siku ya kuondoka. Siku ya kuja iweze kusogezwa, maana maua hayafuati tarehe. Mkulima atoe habari siku 7 kabla, na tena siku ua 1 katika 10 likichanua.

3. Malipo. Yako ya namna tatu. Ama fedha kwa kila kundi, nusu siku ya kufika na nusu siku ya kuondoka. Ama sehemu ya mavuno. Ama bure, ikiwa maua yana asali nyingi kama ya michungwa, na hapo mkulima apewe asali. Namna yoyote, itajwe asali ni ya nani.

4. Dawa. Mkulima asipulize dawa ya kuua wadudu wakati mizinga ipo. Ikimlazimu, amwarifu mwenye nyuki siku 2 kabla, achague dawa isiyodhuru nyuki kwa kadiri iwezekanavyo, apulize jioni maua yamefumba na nyuki wamelala. Asichanganye dawa kwa kukisia. Asome karatasi yake.

5. Majirani. Mkulima ndiye mwenye wajibu wa kuwaarifu wote walio karibu, kabla mizinga haijafika, na majina yao yaandikwe katika karatasi ileile. Nyuki hajui mpaka wa shamba. Huruka kilometa nyingi akipenda.

6. Mahali pa kuweka. Kivuli chepesi, mlango umegeuzwa mbali na njia, si chini ya hatua 300 kutoka nyumba, skuli, kisima na zizi. Miguu ya meza ya mizinga ipakwe grisi, siafu na majimoto wasipande. Pawe na maji karibu, katika chombo kipana chenye mawe ya kutua.

7. Ulinzi. Nani atalinda mizinga na wezi na moto, na nani atalipa ikipotea.

8. Mtu au mnyama akiumwa, nani atashughulika. Mwenye nyuki aache namba ya simu, na awe na mtu wa karibu anayejua kutumia moshi.

ONYO MAWILI KWA WATU WA KARAFUU

La kwanza ni wachumaji. Mkarafuu ni mrefu, na mchumaji huko juu ameshika tawi kwa mkono mmoja. Nyuki wakali wakimvamia, hana pa kukimbilia, ataachia. Sote twajua watu waliovunjika, na waliokufa, kwa kuanguka mkarafuu. Kwa hiyo mizinga ya kukodi isiwekwe kamwe ndani ya shamba la karafuu wala pembeni mwake wakati wa kuchuma, hata kama mapatano ya matikiti hayajaisha. Na kabla ya kuchuma, mwenye shamba azunguke atazame mashimo ya miti. Akiona kundi la porini, amwite mfuga nyuki alihamishe. Asilichome moto. Hapo mfuga nyuki apata kundi, na mkulima apata usalama.

La pili ni bahari. Mtu akisoma kwamba Handeni kuna nyuki, asidhani atapakia mizinga jahazini aje nayo Pemba. Nyuki aliyehamishwa bila ya uangalifu huweza kuharibu nchi nzima. Katika Afrika ya Kusini, mwaka 1990, wafuga nyuki walichukua nyuki wa Cape wakawapeleka kaskazini kwenye nyuki wa namna nyingine. Wale wa Cape wakaingia katika mizinga ya wenyeji, wakataga mayai bila ya malkia, na makundi maelfu kwa maelfu yakafa. Kabla ya hapo, mwaka 1956, malkia wa nyuki wa Afrika walipelekwa Brazil, wengine wao wakitoka hukuhuku Tanganyika. Mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka, na kizazi chake kimeenea Amerika ya Kusini mpaka Marekani. Magonjwa na kupe wa nyuki nao husafiri ndani ya mzinga. Basi kila upande utumie nyuki wake. Huku visiwani wafuga nyuki wako, na ofisi za misitu na kilimo zinawajua. Upande wa bara, ambako Sheria ya Ufugaji Nyuki ilitungwa mwaka 2002, aulizwe Afisa Nyuki wa wilaya kabla mizinga haijasogezwa. Linalofaa kuvuka mkondo ni maarifa.

CHAMA CHAWEZA KUFANYA NINI

Mkulima mmoja mwenye ekari moja ya matikiti hawezi kumwita mfuga nyuki kutoka mbali. Gharama ya gari italiwa na safari. Lakini wakulima 10 wa eneo moja, wanaopanda katika juma moja, ni kazi ya kutosha. Hapo ndipo faida ya chama ilipo.

Twapendekeza kila tawi liwe na daftari moja lenye kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto, wakulima: jina, kijiji, zao, ekari, na mwezi unaotazamiwa kuchanua, pamoja na jibu la lile jaribio la maua 30. Ukurasa wa kulia, wafuga nyuki: jina, mahali, idadi ya makundi yaliyo katika mizinga ya kuhamishika, na miezi ambayo mizinga haina kazi. Katibu atakapofungua daftari ataona kwa jicho moja nani amhitaji nani. Na kila mapatano yakimalizika, pande zote mbili ziandike mstari mmoja: makundi yalikuja mangapi, mavuno yalikuwaje, kulikuwa na ugomvi gani. Baada ya misimu mitatu daftari hilo litakuwa na thamani kuliko maneno ya mtaalamu yeyote, kwa kuwa litakuwa limeandikwa kwa mashamba yetu wenyewe.

Mfuga nyuki naye ana haja yake, na yafaa mkulima aikumbuke. Maua ya shamba ni ya majuma machache. Mwaka mzima nyuki huishi kwa mikoko, kwa mwitu, kwa miti ya mpakani. Mchu wa pwani ni malisho ya nyuki. Mtu anayekata mikoko kwa kuni, na kufyeka kila ua la porini kwa dawa ya majani, kisha akalalamika kwamba matikiti yake yamepinda, amejifungia mlango mwenyewe.

Karafuu zitazaa mwaka zitakapotaka. Lakini mwaka usiokuwa wake, nyumba hula vilevile. Mwenye boga au tikiti shambani mwake msimu huu, na akate nyuzi zake 30, aliulize ua, kisha alete jibu kwa katibu wa tawi lake.